Ukuta wa Siutiti na Ngatu ya Ha'ano

Robinvale, 16 Julai 1995

Shangazi Lesieli,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana viti bado vimo kwenye maboksi. Sote wazima. Mgongo unamsumbua mume wangu Fatai lakini hasemi. Namjua tu anavyoshuka kwenye trekta. Melenaite ametimiza miaka saba na meno mawili ya mbele yamemtoka. Anakuamkia, ila akikuamkia anarusha mate. Huku Australia ni baridi, tunapogoa mizabibu, na vidole vinakufa ganzi mpaka saa nne asubuhi ndipo vinarudi. Miguu yako je? Najua kwa miaka mingi umepata kwangu kadi za Krismasi tu. Nisamehe kwa hilo.

Shangazi, tumehamia nyumba yetu wenyewe. Ilikuwa ya mkulima mmoja mzee, vyumba vidogo vidogo kama makabati. Fatai akabomoa kuta za ndani zote. Jiko, sebule na mahali pa kulia vimekuwa kitu kimoja. Ukisimama kwenye sinki unamwona anayeingia mlangoni. Alitaka nyumba ambayo Watonga wote wa kanisani wanaweza kukaa chini kwa pamoja, na kweli wanaenea.

Ila umebaki ukuta mmoja upande wa magharibi, hauna dirisha wala mlango. Nimeupima kwa miguu: hatua kumi na mbili, na umekwenda juu mpaka kwenye dari. Fatai ameupaka rangi nyeupe mara tatu. Kila nikigeuka nauona. Tumejaribu kuuzoea, tumeshindwa.

Nimekumbuka ile ngatu kubwa ya mama, nguo ya magome ya miti, ya mwisho kupigwa kabla hajafariki, ambayo hata mimi nilipewa rungu nikaponda magome yake mpaka mkono ukavimba. Baba aliwahi kuniandikia kwamba umeitandika chini ya godoro lako. Naiomba, Shangazi. Ingekaa vizuri pale. Mke wa mchungaji wenu anakuja huku mwezi wa kumi, angeweza kuibeba.

Mwanao,
Siutiti


Ha'ano, 10 Septemba 1995

Siutiti,

Marahaba. Barua yako imekuja na meli ya Jumanne, imelowa pembeni lakini inasomeka.

Nguruwe wa jirani yangu Folola amezaa tisa, amelalia wawili. Mchungaji mpya anahubiri mpaka magimbi yanaungua majumbani, na hakuna wa kumwambia. Miguu yangu ni ileile. Nashukuru Mungu kwa nyumba yenu.

Mwezi uliopita tulimwaga mchanga mpya kwenye kaburi la baba yako, ule mweupe wa upande wa upepo. Watoto wa Folola ndio waliobeba. Nimeona ujue kwamba umemwagwa.

Mke wa mchungaji atakuletea upepeo niliousuka mwenyewe na kalenda ya kanisa. Kalenda ina picha kubwa. Kuhusu ukuta, ukuta si kidonda, haulazimiki kufunikwa.

Msalimie mumeo na mtoto.

Lesieli


Robinvale, 8 Oktoba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Upepeo umefika, Melenaite analala nao. Meno yake yameanza kuota. Mizabibu imechipua, na Fatai amepewa usimamizi wa watu ishirini, kwa hiyo sasa anachoka mdomo badala ya mgongo.

Ukuta unanishinda. Mama Doreen, jirani yetu Mzungu, alituletea picha aliyoichora mwenyewe, ya mto na miti. Mikono yake ni mizuri. Tuliitundika katikati, ikaonekana kama stempu kwenye bahasha. Nikatundika na kalenda yako. Sasa zipo stempu mbili. Fatai anasema tuite fundi atuchoree bahari, na samaki wake na kila kitu. Nikamwambia bahari nimeshaiona.

Jumapili iliyopita watu walikuja kwetu baada ya ibada, zaidi ya arobaini. Wameshakula, kikombe cha kava kinazunguka kwa wanaume, mama mmoja wa visiwa vya Vava'u anayeitwa Pisila akainua kichwa akautazama ukuta kwa kituo. Ni mke wa katibu wa kanisa, na sauti yake haihitaji spika.

"Siutiti," akasema, "sebule kama hii, ukuta mtupu kama wa hospitali. Kwani huko kwenu Ha'ano wanawake hawana mikono?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda kuosha vyombo ili nisionekane uso, lakini nyumba yangu haina tena ukuta wa jikoni, Shangazi. Wote walikuwa wanautazama mgongo wangu.

Naomba mara ya pili. Siombi kwa ajili ya Pisila. Nikiiona ngatu ile pale nitajua nimetoka mahali. Kama ni kazi ya kuifunga na kuipeleka melini, Folola atakusaidia.

Mwanao,
Siutiti


Ha'ano, 21 Februari 1996

Siutiti,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, sitasema ni meli.

Tarehe ya leo unaijua. Leo imetimia miaka saba tangu kaka yangu Sosaia, baba yako, alipoaga. Asubuhi nimekwenda makaburini, nimerudi, nimekaa na kalamu.

Umeomba mara mbili. Mara ya kwanza nilizungumza habari za nguruwe, mara ya pili sikujibu, nikidhani utaelewa. Huelewi. Basi nitasema.

Baba yako alilazwa juu ya ngatu ile siku mbili hapa nyumbani, watu wakaja kumbusu. Siku ya kuzika ikakatwa. Nusu alishuka nayo kaburini. Nusu nilipewa mimi, kama dada yake, na ndiyo ninayolalia. Nami nitashuka nayo.

Tulikupelekea telegramu. Jibu lako lilifika siku ya kumi, tunavunja matanga. Karatasi hiyo ninayo hapa. Umeandika, "Zabibu zimeiva, bosi hatoi ruhusa." Zabibu, Siutiti. Sosaia alikuwa na mtoto mmoja tu. Siku zile zote mbili alikuwa amelazwa kichwa upande wa mlango, na kila mlango ulipoguswa watu waligeuka.

Sasa unataka niichukue ngatu hiyo uitundike juu ya watu wanaokula na kutazama televisheni, kwa kuwa umechekwa na mwanamke wa Vava'u. Usiniombe tena.

Mtoto wako hana kosa. Mpe upepeo huu mwingine, ule wa kwanza nadhani umeshachakaa.

Lesieli


Robinvale, 14 Aprili 1996

Shangazi,

Shikamoo. Melenaite mzima, Fatai mzima. Mavuno yamekwisha juzi.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii ya nne naipeleka hata ikiwa mbaya.

Mwaka ule aliofariki baba sikuwa na karatasi. Fatai vilevile. Viza zetu zilikuwa zimekwisha tangu mwaka 1985, tukabaki. Tulifanya kazi mashambani kwa majina ya watu wengine. Gari la uhamiaji likionekana barabarani tulilala chini katikati ya mistari ya mizabibu, na mimi nilimlalia Melenaite tumboni mwangu, halafu alipozaliwa nikawa namlalia mwenyewe.

Baba hakujua. Nilimwandikia kwamba nimepata karatasi, kwa sababu aliuliza kila barua, na siku moja nikachoka kuulizwa. Furaha yake unaikumbuka kuliko mimi. Alisimama kanisani akatangaza. Akawa anawaahidi binamu zangu kwamba nitawaita mmoja mmoja. Nikanaswa hapo.

Telegramu ilifika mchana, ikaletwa na msimamizi shambani. Nilikwenda nikafunga begi. Fatai alikaa mlangoni akaniambia, "Ukipita uwanja wa ndege, wataona. Hutarudi, na mtoto ana miezi saba." Nikamwambia nitakwenda na mtoto. Akasema, "Nenda naye, sitakuzuia. Ila mimi nitabaki hapa peke yangu, na sisi watatu hatutakaa tena nyumba moja." Begi lilikaa limefungwa mpaka asubuhi. Kisha nikalifungua.

Ningeandika nini? Ningeandika ukweli, ungesomwa mbele ya watu, na baba angekuwa mwongo ndani ya jeneza lake. Nikaona afadhali niwe mimi mtoto mbaya. Zabibu zilikuwa zimeiva kweli. Nikaandika zabibu.

Nilinyoa nywele, Shangazi. Nilizikata kwa mkasi wa kuvunia, kulekule shambani, na nilivaa nyeusi mwaka mzima. Wenzangu waliuliza, nikasema nina chawa.

Karatasi zetu zimetoka mwaka juzi, kwa mkono wa mwanasheria mmoja mwema. Tangu siku hiyo ningeweza kupanda ndege. Nimenunua nyumba badala yake. Nilikuwa naogopa, sitakuficha. Niliona nikipata kitu cha nyumbani nikakitazama kila siku, labda nitapata nguvu ya kuja. Sikujua ngatu ilikuwa chini ya baba. Ningejua nisingethubutu.

Sikuombi tena. Ukuta utabaki ulivyo.

Siutiti


Ha'ano, 2 Juni 1996

Mwanangu Siutiti,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tano. Niliisoma, nikaiweka chini ya Biblia, nikaitoa, nikaisoma tena.

Kwanza nilikasirika upya, na sababu haikuwa karatasi za serikali. Ulidhani sisi ni watu gani? Ulidhani ningesimama na barua ya mtoto aliyefiwa niisome kwa sauti kama tangazo la harambee? Ile ya zabibu sikumsomea mtu. Niliwaambia watu umelazwa hospitali, hali yako mbaya. Walikuombea kanisani Jumapili tatu. Kwa hiyo tumesema uongo wawili, wewe kwa baba yako, mimi kwa kijiji kizima. Nami nilisema wangu kaburi lake likiwa bado bichi.

Kuna jambo jingine la siku ile. Hilo sitaliandika.

Nusu yangu ya ngatu haiji huko. Nimeshasema, na miguu hii haitaki nibadilishe neno. Lakini nilikwenda kwa Folola, nikamwambia, tuchukue magome. Tangu wiki ya pili ya Mei wanawake wanaponda kila asubuhi mpaka mchungaji amelalamika hawezi kuandaa mahubiri, jambo ambalo halikumsikitisha mtu. Nakuletea mafurushi manane ya magome yaliyopondwa, meupe, hayajabandikwa wala kupakwa. Zipo chupa tatu za soda zenye rangi ya kahawia ya mti wa koka, zifunge vizuri zisivuje. Kipo na kigezo cha nakshi nilichokishona mimi, cha kuweka chini ya nguo na kusugulia rangi juu yake.

Sikuletei ngatu iliyokwisha. Mtu mmoja hatengenezi ngatu, hutengeneza tambara. Waite wanawake. Chemsha muhogo upate gundi. Sakafu unayo, umejisifia mwenyewe. Mwite na huyo Mvava'u mwenye mdomo. Watu wa Vava'u wana maneno, lakini kubandika wanajua.

Shangazi yako,
Lesieli


Robinvale, 22 Septemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Melenaite ana meno makubwa mapya na hayamwenei mdomoni. Fatai anasema mtoto amekula gundi nyingi ya muhogo kuliko aliyoibandika. Sote wazima.

Mafurushi yalikaa bandarini wiki sita. Maafisa waliyafungua wakaniita Melbourne. Mmoja akanusa chupa, akauliza, "Hii ni dawa?" Nikamwambia ni rangi ya mti. "Ya kupaka nini?" Nikasema ukutani. Alinitazama, akatazama chupa, akaandika kitu kwenye fomu yake, akaniachia.

Fatai alitutengenezea meza ndefu yenye mgongo wa mviringo, ubao mwembamba alioupinda juu ya nguzo kuukuu za mizabibu. Tulisukuma viti vyote nje. Nilipita nyumba kwa nyumba nikaalika. Nilipofika kwa Pisila, akaniuliza mlangoni, "Na mimi naalikwa au nakaribishwa kuangalia?" Nikamjibu, "Shangazi yangu amesema Wavava'u wanajua kubandika." Akasema, "Shangazi yako amesoma."

Tulikuwa kumi na moja, Jumamosi tatu mfululizo. Pisila alikaa katikati ya meza, akawa anatukosoa tangu asubuhi. Ukiweka gundi nyingi anakuuliza kama unapika. Ukiweka kidogo anakuuliza kama ni wewe unayeinunua. Kuna mmoja alisugua nje ya nakshi, Pisila akamwambia, "Dada, hapo umetupeleka Fiji." Tulicheka, tuliimba, mikono ikawa kahawia mpaka viwiko. Sakafu mpya ya Fatai imeingia doa mbele ya friji, halitoki.

Jumamosi ya pili, tukiwa tumekaa huku na huku ya meza, mmoja aliniuliza ngatu yenyewe ni ya shughuli gani. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni ya ukuta. Nikajikuta nasema habari za baba. Nilisema yote niliyokuandikia, hata mkasi. Sikuinua macho, niliendelea kusugua.

Kisha Pisila akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mama yangu alizikwa Jumanne. Mimi nilikuwa kwenye banda la kufungashia, napanga zabibu kwenye maboksi. Nilijua saa wanayomtoa nyumbani. Nikawa naimba kimoyomoyo, ubeti kwa ubeti, nikipanga." Mwingine akasema yeye ni kaka yake. Mwingine ni mtoto aliyemwacha kwa bibi. Kati ya sisi kumi na moja, wanne hatukuzika watu wetu, Shangazi, na tumesali kanisa moja miaka yote hii bila kuambiana.

Ngatu imekwisha. Imekaa ukutani siku nane, imeufunika kutoka kona hadi kona. Mama Doreen alikuja akasimama mbele yake, akavua kofia. Ni nzuri, ingawa si kama ya mama. Sehemu nyingine nakshi imepinda, na tunamjua aliyeipinda.

Lakini jana nimeishusha na kuikunja. Siku ya msiba wa baba kulikuwa na mahali pa ngatu yangu, niliyopaswa kuileta na kuiweka mbele yako, na mahali hapo palibaki wazi. Nataka kuileta sasa. Tumepata nafasi ya kuja Desemba, sisi watatu. Sijui kama inaruhusiwa kuleta kitu cha msiba baada ya miaka karibu minane. Wewe ndiye unayejua. Ukisema nisije, sitakuja.

Mwanao,
Siutiti


Ha'ano, 27 Oktoba 1996

Siutiti,

Meli ziko mbili, Jumanne na Ijumaa. Njoo na ya Jumanne. Nahodha wa Ijumaa hutapika mwenyewe.

Mtoto umvalishe kofia.

Lesieli


Robinvale, 26 Januari 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumefika salama. Joto la huku linakausha mate mdomoni, na zabibu zinaanza kuwa tamu. Melenaite hataki kuvaa viatu, anasema Ha'ano hakuna anayemwambia avae. Fatai naye, juzi nimemkuta anapanda migimbi nyuma ya banda la trekta. Haitaota, naye anajua.

Nashukuru kwa namna ulivyotupokea. Nilipoitandaza ngatu uani mbele yako, na watu wote wamekaa, nilikuwa nimepanga maneno kwenye meli siku nzima, yakanipotea. Nikabaki kusema, "Sikuwa hospitali. Sikuwa na karatasi. Nilimdanganya baba, na Shangazi akadanganya kwa ajili yangu." Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nilidhani utanikasirikia kwa kukutaja. Ulisema tu, "Leteni kisu," ukaikata katikati kwa mkono wako, ukaamuru nusu ikunjwe irudi na mimi. Wazee waliinamisha vichwa. Nilidhani hapo mambo yote yamesemwa.

Kumbe hayakusemwa. Siku tuliyoondoka, tunangoja meli, Folola alinishika mkono akanivuta pembeni, tukasimama nyuma ya magunia ya nazi. Akaniambia, "Lesieli hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi."

Shangazi, nimejua.

Wewe ni dada wa marehemu. Wewe ndiye uliyepaswa kukaa kichwani pake siku zote mbili, umejifunga mkeka mzuri kiunoni, huinuki, hushiki hata kijiko, watu wakija wanakuinamia wewe kwanza. Mtoto wa marehemu ndiye mtu wa nyuma, amejifunga mkeka uliochanika, amenyoa, yuko kwenye moshi anapika na haingii ndani. Folola anasema ulingoja asubuhi ya kwanza ya msiba mpaka boti la mwisho likafika bila mimi. Kisha ukasimama, ukaenda nyuma ya nyumba, ukavua mkeka wako mzuri, ukajifunga gunia, ukainama kwenye tanuri la mawe. Anasema mchungaji wa wakati ule alikufuata akakuambia, "Lesieli, hapa si mahali pako." Ukamjibu, "Kaka yangu hawezi kuzikwa kama mtu asiye na mtoto." Ukapika siku mbili. Kichwani pake alikaa binamu yenu wa Pangai. Walipomfunika uso, wewe ulikuwa nje unageuza magimbi, na hakuna aliyekumbuka kukuita.

Miezi yote hii nakuomba ngatu, ukuta, ukuta, na wewe hukumuona kaka yako mara ya mwisho kwa sababu yangu. Kwa nini hukuniandikia? Hata mwezi ule mzima niliokaa kwako, tunamenya muhogo pamoja, hukusema. Ningejua ningekuja kwa magoti kutoka bandarini.

Nusu ya ngatu iko kwenye boksi. Sijaitundika. Sijui kama nina haki.

Mwanao,
Siutiti


Ha'ano, 16 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Folola ana mdomo kama ndoo iliyotoboka, na nimemwambia hivyo. Amesema alikuwa ameibeba siri hiyo miaka minane na sasa amepungukiwa uzito. Tumenuniana siku mbili, ya tatu amekuja na samaki.

Ni kweli. Yote aliyosema ni kweli, ila halikuwa gunia, ulikuwa mkeka mkuukuu wa bibi yako. Gunia ni chumvi ya Folola.

Unauliza kwa nini sikuandika. Ningeandika, ungekuja kwa magoti, kama unavyosema mwenyewe. Sikutaka hivyo. Mtu anayekuja kwa magoti hutazama ardhi, na mimi nilitaka unitazame. Na jambo jingine ni kwamba kwa miaka mingi nilidhani nilimpikia mtoto aliyechagua zabibu. Hilo lilikuwa chungu kuliko moshi. Tangu barua yako ya Aprili najua nilishika mahali pa mtoto aliyefunga begi usiku kucha. Mahali pa mtoto huyo sioni aibu kupashika.

Uso wa kaka yangu sikuuona ukifunikwa, kweli. Lakini nilimlea mgongoni Sosaia, mimi nikiwa na miaka sita na yeye hajaota jino. Uso wake naujua bila kuonyeshwa. Usiubebe huo mzigo, si wako.

Itundike ngatu. Ile ni yako kwa kisu changu mwenyewe. Haitafika kona zote mbili, itafunika hatua sita. Sita zilizobaki ziache. Waache watu wale chakula hapo chini yake, wacheke, Pisila aseme anayoyasema. Niliandika vibaya kuhusu televisheni, nilikuwa na hasira. Ila isiwekwe karibu na jiko, mafuta yanaila.

Sasa nisikilize, maana hili nataka liwe kwa maandishi, siyo kwa mdomo wa Folola. Daktari aliyekuja na meli ya mwezi uliopita ameitazama miguu yangu na kifua. Hakusema mengi na mimi sikumuuliza mengi. Sikuiti. Usipande ndege kwa barua hii. Maliza mavuno yako. Lakini siku yangu itakapofika utapata telegramu, na karatasi sasa unazo.

Ukifika, watu watataka kukuweka mbele. Watasema huyu ametoka Australia, mpeni kiti, mpeni mkeka wa wageni. Ukatae. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwenye msiba wa shangazi mahali pa mtoto wa kaka ni nyuma ya nyumba. Nyoa, jifunge mkeka uliochanika, ukapike. Usiingie ndani kunitazama mpaka nitakapotolewa. Moshi wa pale unauma macho vibaya, hasa upepo ukigeuka alasiri, kwa hiyo kaa upande wa mnazi uliokatwa.

Kuni zipo. Nimeanza kuzipanga ukutani mwa jiko, kavu, za kutosha siku mbili.

Shangazi yako,
Lesieli